Sehemu ya Saba

Walikale, 13 Februari 2022

Kaka Manassé,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe na mkamwana wetu Estelle na mjukuu wetu Umutoni. Huku kwetu tuko wazima. Mume wangu Sylvain amemaliza kupalilia muhogo wa ng'ambo ya mto, na goti lake limeanza kumtii tena. Mwanetu Patient amepata mtoto wa tatu, msichana, na wamempa jina la mama yetu, Kampire. Nilipombeba nilimtafuta mama usoni mwake, nikampata kwenye masikio tu.

Nilijaribu simu mara mbili. Sauti ilikatika kabla hatujamaliza salamu, ndipo nikakumbuka unavyosema, kwamba simu ni ya kutangaza na barua ni ya kuzungumza. Basi nazungumza.

Mwezi uliopita nilikwenda sokoni kutafuta betri za redio. Pale kwa fundi anayejaza muziki na filamu kwenye kadi za simu, watu walikuwa wakimcheka. Alikuwa amepata filamu za kale, hazina rangi, hazina damu, na hakuna aliyezitaka. Nikatupa jicho kwenye kioo cha mashine yake. Nikaona tai amekaa juu ya mwamba. Akageuza kichwa upande wa kushoto, na maandishi makubwa yakatokea chini ya mdomo wake.  Nilikaa juu ya gunia la mchele la mtu bila kuomba ruhusa.

Ni ile tuliyoonyeshwa misioni juu ya shuka. Ni Mpanda Farasi wa Bonde la Chumvi, sehemu zote kumi na mbili, baada ya miaka hamsini na mitatu. Nilimwambia fundi kwamba kaka yangu ndiye aliyekuwa akisimama kando ya shuka na fimbo, akitueleza. Akaniuliza, "Mama, alikuwa anaeleza nini, na sauti iko ndani?" Hajui kwamba kwa watu wa Muheto Kiingereza kile kilikuwa sawa na mvua juu ya bati.

Nimekuwekea kadi ndani ya bahasha hii. Estelle ataitia kwenye kompyuta yake ya shule. Tukisikia imefika, sisi tutatazama sehemu moja kila Jumapili baada ya misa, kama zamani. Nanyi fanyeni hivyo, ili tutembee pamoja.

Sasa lililonifanya niandike upesi. Benoît, motari anayebeba barua zetu kwa pikipiki yake, aliponiletea ile ya Noeli alisema, "Mama, muzee alininyooshea mukono, lakini mukono ulienda kwa mulango." Pia nasikia husomi tena somo la kwanza kanisani, unalisema tu. Macho yako yakoje? Redioni wametangaza kwamba madaktari wa macho watakuja Mweso mwishoni mwa Agosti. Sikulazimishi. Nauliza.

Dada yako,
Verdiane

*

Muheto, 20 Machi 2022

Mpendwa dada Verdiane,

Barua yako imefika, na kadi imefika ndani yake bila kuvunjika. Pokea salamu za watu wa nyumba yote. Umutoni ametimiza miaka saba na sasa ananisahihisha Kifaransa. Ng'ombe wako vizuri. Yule gaju mwenye pembe iliyopinda amezaa jike, na maziwa yametosha hata ya kutengeneza jibini. Mpe mtoto Kampire busu langu, hasa kwenye masikio.

Umeniletea ujana wangu ndani ya kitu kidogo kuliko ukucha. Kwa kuwa watoto wako watakuuliza, nikueleze mambo ambayo ulikuwa mdogo mno kuyajua.

Filamu hizi zilitengenezwa kwa makusudi zikatwe vipande. Kila kipande kilikuwa cha dakika ishirini hivi, na kila kimoja kilimalizika mtu akiwa anakufa. Gari linaanguka bondeni na shujaa yumo ndani. Basi, taa inawashwa, rudi nyumbani, njoo Jumapili ijayo. Padre alipokea kila sanduku kwa lori kutoka Goma, na ndani ya sanduku kulikuwa na karatasi ya Kifaransa iliyoeleza kisa. Mimi nilisoma karatasi ile Jumamosi, na Jumapili nikasimama kando ya shuka kuwaeleza watu.

Kulikuwa na hila moja. Sehemu mpya ilianza nyuma kidogo, kabla ya ajali, na safari hii ilionyesha shujaa akiruka kutoka garini. Juma lililopita hakuruka. Unamkumbuka Kanyamibwa? Alikuwa kijana wa miaka thelathini, mwenye ng'ombe wengi kuliko sisi sote. Alisimama katikati ya watu akasema, "Mwalimu, huyu muntu hakurukaka. Mi niliangaliaka muzuri. Mi nahesabu ng'ombe yangu kwa macho, hakuna anidanganyaye." Nilimwambia aliruka upande ambao hatukuuona. Akasema, "Basi watuonyeshe ule upande kwanza." Watu wa ng'ombe huwezi kuwachezea kwa jambo la kuangalia.

Jambo la pili lilikuwa rangi. Sisi hatusemi tu ng'ombe. Tunasema gaju, yule wa hudhurungi nyepesi, au bihogo, yule mwenye wekundu uliokolea, au igitare, yule mweupe. Kwa hiyo farasi alipotokea tu wakaanza kuuliza, "Iko gaju ao iko bihogo?" Ningewajibu nini? Shuka lilikuwa na kijivu tu. Nikasema farasi wa shujaa ni gaju, wa adui yake mwenye kinyago ni bihogo, na nguo ya binti ni ya rangi ya majani mapya ya maharage. Hapo wakatulia. Ninakuhakikishia kwamba watu wa Muheto hawakuona filamu isiyo na rangi hata siku moja.

Nimeanza kuitazama, na ni nzuri kama zamani. Yule shujaa tuliyemwita Kofia bado kofia yake haianguki, hata akipigwa.

Kuhusu macho, Benoît alifika saa nane mchana na jua lilikuwa usoni mwangu. Somo la kwanza nalijua kwa moyo, kwa nini nihangaike na kitabu? Barua yako Estelle amenisomea kwa sababu nilikuwa na ndama mikononi.

Kaka yako,
Manassé

*

Walikale, 1 Mei 2022

Kaka,

Amani iwe kwako. Mvua imetushika hapa, barabara imekuwa uji, na Benoît amelala njiani mara mbili. Mtoto Kampire ameanza kucheka. Sylvain aliua nguruwe pori aliyekuwa akila muhogo, tukagawa nyama na majirani, na mguu mmoja tukampelekea mzee wa ukoo wake, kama desturi yao inavyotaka.

Sebule yangu haitoshi tena. Tulianza watu watano, Jumapili iliyopita walikuwa thelathini na mmoja, na wengine wanachungulia dirishani. Mimi ndiye ninayesimama na fimbo, kaka. Nawapa rangi zako. Lakini hapa watu ni wa msitu, hawaulizi rangi, wanauliza nyayo. Watu wa mwenye kinyago walipoinama chini na kusema Kofia amepita sasa hivi, Sylvain akacheka peke yake. Akasema, "Ile nyayo iko ya asubuhi. Angalia, upepo umeshakula kando yake." Rafiki zake wote wakakubali. Toka siku hiyo wanawaita watu wa mwenye kinyago wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Tumefika sehemu ya sita. Imeishia Kofia ameanguka ndani ya shimo na mlango wa chuma unafungwa juu yake. Jumapili ijayo ni ya saba, nami nimeisubiri tangu utotoni. Unakumbuka kwamba sikuiona? Nilikuwa na surua. Wewe ulirudi misioni, ukakaa kando ya kitanda, ukanisimulia yote. Ni sehemu pekee ambayo sikuiona, na ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote. Hata leo nikikutana na mtu wa Muheto wa umri wangu, ataniambia juu ya sehemu ya saba.

Wewe umeshaitazama? Niambie ilivyo sasa kwa macho ya mtu mzima. Nitaitazama kwanza, halafu barua yako itafika, tulinganishe.

Mistari ya barua yako inapandiana, kaka. Kwenye ukurasa wa pili sentensi tatu zimelaliana kama ndama kwenye baridi. Nilikaa nazo kutwa nzima nikizitenganisha. Sisemi kitu. Madaktari bado wanakuja Agosti.

Verdiane

*

Muheto, 29 Mei 2022

Mpendwa dada,

Salamu nyingi kutoka milimani. Baridi imeanza mapema. Estelle anasahihisha mitihani, na Umutoni anasahihisha Estelle. Mpe Sylvain pongezi zangu kwa nguruwe na kwa nyayo. Ningempata mtu kama yeye misioni, Kanyamibwa angepata mwenzake.

Kalamu yangu ni mbovu, inatapika wino. Usitafute sababu nyingine.

Sehemu ya saba nimeitazama jana. Haijazeeka. Mwenye kinyago anamtoa Kofia shimoni, anamfunga mikono nyuma, anamsukuma mtoni wakati wa mafuriko. Maji ni ya rangi ya matope, yanabeba miti mizima. Binti yuko ng'ambo, anapiga kelele, hawezi kufanya lolote. Kofia anazama mara ya kwanza, anazama mara ya pili. Hapo ng'ombe wanatokea, kundi zima, wanavuka kuelekea malisho, na mbele yao yuko igitare mkubwa, mweupe kama ukuta wa kanisa. Mikono imefungwa, afanye nini? Anauma mkia. Anaushika kwa meno, naye igitare anaogelea tu bila kugeuka, mpaka ng'ambo. Kofia analala kwenye mchanga, amefumba macho, mkia bado mdomoni. Anafumbua macho. Mbele ya pua yake kuna viatu viwili vyeusi. Ni vya mwenye kinyago. Hapo inakatika.

Ndivyo nilivyokusimulia kando ya kitanda, sivyo? Nafurahi kwamba nilikuwa mkweli.

Kaka yako,
Manassé

*

Walikale, 26 Juni 2022

Kaka Manassé,

Tuko wazima wote. Leo salamu ni fupi.

Nimeitazama sehemu ya saba mara tatu. Mara ya kwanza na watu, mara mbili peke yangu. Hakuna mto. Hakuna hata tone la maji. Katika filamu nzima, sehemu zote kumi na mbili, hakuna ng'ombe hata mmoja. Nimemwita Sylvain anisaidie kutafuta, naye hapotezi mnyama.

Uliniandikia kwamba umeitazama jana yake. Jana yake ulitazama nini?

Sikuulizi jambo lingine. Nangoja jibu la hilo.

Verdiane

*

Muheto, 7 Agosti 2022

Dada yangu,

Mwandiko huu ni wa Estelle. Maneno ni yangu. Amekubali kuandika kila kitu bila kutengeneza, na nimemsikia akivuta pumzi mara mbili tayari.

Nimekawia kwa sababu nilijaribu kuandika mwenyewe mara nne, na kila mara Estelle alipoulizwa kama inasomeka alisema kuna ng'ombe ndani ya banda la kuku.

Nianze na mwaka 1969, kwa maana ndiko jambo lilikoanzia. Jumapili ya sehemu ya saba sanduku halikufika. Mvua ilikuwa imebeba daraja na lori lilikwama. Watu walikuwa wameshajaa uwanjani, wengine wametembea tangu alfajiri na watoto mgongoni. Padre alikuwa amewasha mashine, mwanga unapiga shuka tupu, naye akanong'oneza niwaambie warudi makwao. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilisimama, nikainua fimbo, nikaelekeza mahali ambapo hapakuwa na kitu, nikasema, "Tazameni, anamtoa shimoni." Nao wakatazama.

Mto ni wetu, dada. Ng'ombe ni wa baba, yule igitare aliyetuvusha mwaka wa njaa. Watu walilia. Kanyamibwa peke yake aliniuliza baadaye kwa nini hakuona, nikamwambia alikaa upande mbaya. Jumapili iliyofuata sanduku la nane lilifika, na Kofia alikuwa pangoni na baruti. Nikawaambia kwamba katikati ya juma alikamatwa tena. Walikubali. Nawe ulikuwa kitandani, nikakupa ile ile niliyowapa wao. Sikudhani ningeishi mpaka siku utakayoweza kuhakikisha.

Sasa jibu la swali lako. Jana yake nilitazama mwanga. Estelle aliweka kompyuta mbele yangu, nikaona dirisha lenye ukungu na vivuli vikipita. Nilikuwa nikitikisa kichwa pale ambapo nadhani mtu anatikisa kichwa. Ni karibu miaka miwili. Jicho la kushoto lilitangulia, la kulia likalifuata. Nikazoea. Kanisani nasema somo, mbele ya kitabu kilichofunguka. Watu wakileta karatasi za kusomewa, nawauliza kwanza zinahusu nini, halafu nawasomea wanachotaka kusikia. Nimezoea kusema mbele ya shuka tupu, na bahati mbaya ni kwamba ninaiweza kazi hiyo.

Kuna hili pia. Mwezi wa nne jirani yetu Byukusenge alikuja na chupa ya dawa ya ndama, nimsomee kipimo kilichoandikwa kwa Kifaransa. Niliileta karibu na uso, nikaona ukungu wenye mistari. Nikasema vijiko vitatu. Nilisema kwa sauti ile ile ya misioni. Ndama alikufa kesho yake. Byukusenge alisema ndama huwa wanakufa. Mpaka leo sijamwambia kwamba sikuona.

Utasema niende Mweso. Nikueleze ninachokiogopa. Sasa hivi naona mwanga wa mlango, na mtu akisimama mlangoni naona kwamba ni mtu. Ni kidogo, lakini ni changu. Wakiharibu, nitabaki hata bila mlango.

Orodha ya wagonjwa inafungwa tarehe 26. Estelle ameandika jina langu kwa penseli. Amesema kulipitia kwa kalamu ni kazi yangu.

Manassé

*

Walikale, 19 Agosti 2022

Kaka yangu,

Benoît amekula akiwa amesimama na anaondoka sasa hivi, kwa hiyo sina nafasi ya salamu. Wote wako wazima.

Sijakasirika juu ya ng'ombe. Kuna jambo ambalo nami sikukuambia. Juma lile la surua macho yangu yaligandiana kabisa. Mama alikuwa akiyaosha kwa maji ya vuguvugu na hayakufunguka siku tatu. Niliwasikia wanawake wakisema nje kwamba mtoto huyu anapofuka. Nilikuwa nataka kuyakuna, na mama alikuwa amenifunga mikono kwa kitenge ili nisiyaharibu. Halafu ukaja wewe ukaniambia kuna mtu amefungwa mikono, na ameshika mkia wa ng'ombe kwa meno. Nililala kimya mpaka asubuhi, nimeuma kona ya blanketi. Ndiyo maana naikumbuka sehemu hiyo. Ni mimi niliyevuka.

Sitakuambia kilichomo katika sehemu ya saba ya kweli. Nimemwandikia Estelle kando kwamba asikuambie, na Umutoni ameapishwa. Ndani yake kuna jambo ambalo nataka ulione mwenyewe. Ulione, halafu uniambie ipi ni bora, yao au yako.

Kwa Byukusenge unajua la kufanya. Ulitufundisha wewe.

Uma mkia, kaka.

Verdiane

*

Walikale, 25 Septemba 2022

Kaka Manassé,

Nakusalimu, ingawa sijui salamu hii itamkuta nani.

Benoît amerudi leo na barua yangu ya tarehe 4, haikufunguliwa. Anasema nyumba yako imefungwa kwa kufuli na ng'ombe wako wamo katika zizi la Kanyamibwa. Alimwuliza mwanamke aliyekuwa akipita, naye akasema, "Walienda na muzee Mweso, hawajarudia." Simu ya Estelle haiiti. Ni majuma matatu na zaidi.

Sylvain ananiambia kwamba kukosa habari si habari mbaya. Lakini naye, tulipoirudia filamu Jumapili iliyopita, hakuuliza nyayo ya mtu yeyote.

Kama ni mimi niliyekusukuma ukaanguka, niambie.

Dada yako

*

Muheto, 16 Oktoba 2022

Mpendwa dada Verdiane,

Pokea salamu zangu, na tafadhali uutazame mwandiko kabla ya kuusoma. Mistari imelala kila mmoja kwenye kitanda chake.

Uliniacha mlango ukiwa na kufuli. Sasa turudi nyuma kidogo, upande ambao hukuuona.

Barua yako ilifika tarehe 24. Niliipitia penseli kwa kalamu siku hiyo hiyo, na Estelle anasema niliandika jina langu juu ya jina la mtu mwingine, lakini walielewa. Swali lilikuwa nani atanipeleka, na aliyejitolea ni Byukusenge, kwa pikipiki yake, Estelle na Umutoni wakifuata kwa ile ya shemeji yake. Nilipanda nyuma yake nikijua kwamba siwezi kuingia kwa madaktari na jambo lile tumboni. Tulipopumzika njiani nikamwambia. Nikasema, "Byukusenge, ile siku ya dawa sikusoma. Sikuona kitu. Ndama wako nimemuua mimi."

Alifuta matope kwenye taa ya pikipiki. Kisha akasema, "Muzee, nilijuaka. Ile chupa ulikuwa umeishika kichwa chini."

"Basi kwa nini ulimpa vijiko vitatu?"

"Ni wewe ulinifundisha kusoma, muzee. Nilisema pengine wewe unaweza kusoma hata kichwa chini."

Tulicheka mpaka Estelle akashuka kuja kutazama kama tumeanguka. Ndama yule wa gaju mwenye pembe iliyopinda nimempa. Alikataa mara mbili, kama inavyopasa, na mara ya tatu akampokea.

Upasuaji nikueleze, kwa maana utaulizwa na wengine wanaoogopa. Hawakulazi usingizi. Wanakutia matone, kisha sindano kando ya jicho, ambayo inauma kama siafu na si zaidi. Halafu unasikia watu wakizungumza mambo yao ya kawaida juu ya uso wako, mmoja alikuwa akiuliza bei ya jibini. Ndani ya jicho kuna kioo kidogo ambacho uzee umekifanya kiwe na ukungu. Wanakitoa na kuweka kingine. Muda wake haufiki sehemu mbili za filamu yetu. Jicho la kulia walilifanya kwanza, wakataka ningoje juma la pili kwa la kushoto. Kisha walinishika kwa majuma mawili mengine kwa sababu shinikizo la jicho lilipanda. Ndiyo maana ya kufuli. Tulikaa kwa binamu wa Estelle, mahali ambapo simu haishiki. Nilikuwa nimeuma mkia na sikuweza kufungua mdomo kukuita. Nisamehe.

Walipofungua kitambaa, kitu cha kwanza kilikuwa rangi ya buluu. Sikujua kwamba nilikuwa nimeipoteza. Ilikuwa ndoo tu, ndoo ya plastiki ya kuoshea sakafu, nami nikamwomba muuguzi asiiondoe.

Sasa tufike kwenye sehemu ya saba.

Jumapili iliyopita niliwaita wazee wote wa siku zile walio hai, na tuko kumi na wanne. Kanyamibwa alikuja na kiti chake mwenyewe ili asiambiwe tena kwamba amekaa upande mbaya. Umutoni akawasha. Nimeelewa kwa nini hukuniambia. Kofia yuko chini ya ardhi, ndani ya mgodi, na taa yake inazimika. Karibu dakika kumi anatembea gizani, mkono wake ukifuata ukuta, na sisi tunaona mkono tu. Anajikwaa, anarudi, anaufuata tena. Hakuna maneno, hakuna muziki. Mwishoni kabisa kunatokea mstari mwembamba wa mwanga, naye anausogelea, na inakatika kabla hatujajua kama ni mlango.

 Nilikuwa naona kila kidole chake, dada, na ukuta, na kijivu cha kila namna. Sikutia rangi yoyote.

Kisha Kanyamibwa akakohoa. Akasema, "Mwalimu, hii iko nini?"

"Hii njo sehemu ya saba."

"Hapana. Sehemu ya saba naijua. Huyu anatembea tu. Ng'ombe iko wapi?" Akawageukia wengine, nao wote wakasema ndiyo, ng'ombe iko wapi, igitare iko wapi, hawa wazungu wameikata. Mama mmoja alisema ni afadhali wangeiacha ilivyokuwa. Niliwaeleza ukweli wote, sanduku, mvua, lori. Nilieleza polepole, kama nilivyozoea. Kanyamibwa alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi miaka hamsini na mitatu mi nimesema kwamba sikuona, mukaniita kipofu." Akakisogeza kiti chake mbele. Kisha akasema, "Zima hiyo mashine. Leta yetu."

Umutoni akaizima. Nikachukua fimbo, nikasimama mahali pangu, nikaanza. Anamtoa shimoni. Maji ni ya matope. Wakatazama ukutani, ambapo hapakuwa na kitu.

Uliniuliza ipi ni bora. Siwezi kukujibu kwa haki, maana mwaka ule mwanga wa mashine ulikuwa ukinipiga machoni na watu walikuwa gizani, sikuwaona. Safari hii ilikuwa saa tisa mchana na mlango ulikuwa wazi. Igitare alipoingia majini niliwatazama mmoja mmoja. Byukusenge ana mvi, hakuna aliyeniambia. Kanyamibwa alikuwa ameuma midomo na shingo yake inaogelea. Estelle uchovu umemkaa usoni, barua sasa nitazisoma na kuziandika mwenyewe. Na mbele kabisa, sakafuni, Umutoni alikuwa amefungua mdomo wazi, na meno yake mawili ya mbele hayapo.

Niliacha kusimulia. Nikamwuliza tangu lini.

Akasema, "Babu, endelea. Anazama."

Kaka yako,
Manassé